Woga wa Siri: Mwongozo kwa Abiria wa Ndege Ndogo Anayelinda Heshima Yake

Sogea karibu, tuongee polepole wasitusikie.

Umepata kiti kwenye ndege ndogo. Labda ni Cessna Caravan, ile yenye injini moja puani na mabawa yanayopita juu ya madirisha, inayotoka kiwanja cha Ikuu ndani ya Hifadhi ya Katavi kwenda Mahale, ukingoni kabisa mwa Ziwa Tanganyika, na wewe umepewa nafasi kwa sababu ya kazi. Labda unaanzia Dar, unavuka bahari kwenda Unguja au Mafia. Vyovyote iwavyo, Shanwe yetu nzima hapa Mpanda imeshajua. Ulimwambia fundi cherehani, na fundi cherehani huzungumza na kila anayekuja kupimwa. Mchana unapita barabarani kifua mbele. Usiku, taa ikizimwa, unaliona ziwa. Pale penye kina kirefu kabisa linafika mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal la Urusi tu. Na wewe kuogelea hujui. Ungejifunzia wapi? Bwawa la Milala lina viboko. Mto Katuma una viboko, na mamba juu yake.

Hofu yako ina haki kabisa. Kinachoniumiza mimi ni namna tunavyoificha. Tunaona aibu kusoma kadi ya usalama, jirani asije akatuona washamba. Tunaona aibu kuuliza mlango unafunguliwa vipi. Mtu akisimama kutuonyesha jaketi okozi linavyovaliwa, tunainamia simu, ionekane kwamba sisi ndege tumeshazipanda mpaka tumezichoka.

Sitakuambia uache aibu hiyo. Huwezi kuiacha kwa wiki moja, na ndege ni ya wiki ijayo. Nitakupa njia za mkato: namna ya kujiandaa kwa ajali ya majini, kila hatua, bila mtu yeyote kugundua kwamba unajiandaa.

1. Usiseme siku

Safari umeshaitangaza, hilo limepita. Siku bado unaweza kuificha. Ukiulizwa, jibu "wiki hizi hizi", kisha ulizia bei ya mahindi.

Faida yake utaiona mvua ikianza. Wingu likijaa, rubani wa ndege ndogo anaweza kusema tusubiri saa mbili, au leo haturuki. Hapo utawasikia abiria: nina kikao, nina harusi, nimepokelewa. Rubani ni binadamu, ana masikio. Anayenung'unika kwa sauti kubwa kuliko wote ni yule aliyetangaza siku na saa, maana shemeji ameshafika kumpokea na kuku ameshachinjwa. Wewe usiyesubiriwa na mtu utakaa kwenye benchi, utanunua karanga, utakuwa wa kwanza kusema: "Kapteni, sisi hatuna haraka." Wote watakuona mstaarabu, na neno hilo moja limempa rubani nafasi ya kuamua kwa macho yake badala ya kelele zenu.

Ikiahirishwa kabisa, uwe na shangazi tayari. "Nimeona nipande treni tu, nipitie Kaliua na Tabora nimsalimie shangazi." Hakuna mtu Mpanda atakayekuhoji kuhusu shangazi.

2. Kwenye mizani usidanganye

Hapa ndipo mahali pekee ninapokukataza udanganyifu, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kwenye ndege hizi haupimwi mzigo peke yake. Unapimwa na wewe. Safari nyingi za porini zinaruhusu kilo 15 za mzigo, tena begi laini, na watu wetu wana ujanja wao: koti juu ya koti, jozi mbili za suruali, chaja na betri mifukoni. Na akiulizwa uzito wake, mtu anataja ule wa mwaka aliooa.

Rubani anajumlisha kilo hizo zote, kisha anaangalia nani akae mbele na nani nyuma. Mkia ukizidi uzito, pua inanyanyuka. Pua ikinyanyuka wakati mwendo ni mdogo, mabawa yanaacha kuibeba ndege. Kila kilo uliyoificha inaingia angani ikiwa haimo kwenye hesabu. Tena yale makoti matatu, siku ya maji, yatalowana yote kwa pamoja yakiwa mwilini mwako.

Kama unaona haya, panda mizani na umwambie karani kwa upole: "Kaka, soma kimoyomoyo, andika." Ataandika. Ameshaambiwa hivyo mara nyingi.

3. Viatu vya picha vikae kwenye begi

Najua umevinunua. Najua vina rangi gani. Safiri na raba au viatu vya chini vyenye kamba, vilivyokaza. Ndala inakutoka kabla hujafika mlangoni, na kisigino kirefu hakina pa kukanyaga kwenye bati lililolowa. Nguo iwe ya pamba. Nailoni ikipata moto inayeyukia kwenye ngozi. Dada, gauni linalobana mpaka magotini lisubiri, kwa sababu utahitaji kunyanyua mguu uupitishe juu ya kiti. Kaka, tai ilegeze.

Akikuuliza mtu mbona raba na mavazi yote hayo, sema vidole vimevimba. Picha ipo mbele, tutaifikia.

4. Funga pindoni

Jirani yangu mmoja hapa Shanwe, mama mtu mzima, tangu nimfahamu sijamwona na pochi. Siku moja tuko dukani nikamtania.

"Shikamoo mama. Leo hela umeziacha wapi?"

"Marahaba mwanangu. Zipo nilipo."

Akafungua fundo dogo kwenye pindo la kanga, akatoa noti mbili zilizokunjwa mara nne, akalipa, akafunga tena kwa meno na vidole. Huyo mama ameshamaliza somo ambalo mashirika ya ndege ya dunia nzima yanahangaika kuwafundisha abiria wao: ajali ikitokea, acha begi. Watu hawaachi. Ndege inawaka au inazama, na mtu anavuta begi kwa sababu ndani yake kuna simu, kitambulisho cha NIDA, fedha za ada, na cheti halisi ambacho hakutoa nakala.

Kukushauri kwamba uwe na moyo wa kuliacha begi ni kazi bure. Mkato ni huu: begi lisiwe na kitu unachokililia. Simu, kitambulisho na fedha viingie mfuko wenye zipu, au pindoni, au kwenye kijimkoba cha kiunoni ndani ya shati. Cheti halisi kibaki nyumbani. Kumbuka pia kwamba dari la Caravan lina kimo cha mita 1.4 hivi, watu wazima humo wanapita wameinama, mmoja nyuma ya mwingine. Begi moja likinasa katikati ya viti, waliobaki nyuma yake hawana pa kupita.

5. Jipepee

Viwanja vyetu vina joto, na ndege ndogo ikiwa chini injini haijawaka ni kama bati la kuanikia dagaa. Hili ni bahati yako. Chukua kadi ya usalama kwenye mfuko wa kiti na ujipepee nayo. Hakuna anayemcheka mtu anayejipepea. Ipitishe mbele ya uso taratibu, upande mmoja, kisha mwingine, na huku unasoma.

Tafuta mambo matatu tu. Milango iko wapi: kwenye Caravan kuna milango miwili mbele, mmoja kila upande wa marubani, mlango wa abiria wenye ngazi uko nyuma kulia, na wa mizigo nyuma kushoto. Kishikio kinazungushwa au kinavutwa upande gani. Jaketi okozi liko wapi, chini ya kiti au kwenye kijimfuko.

Kwenye ndege hizi mara nyingi rubani mwenyewe ndiye anayegeuka kwenye kiti chake na kuwaeleza. Anasema kwa dakika moja au mbili. Mtazame usoni. Ukiona aibu kumtazama, jifanye unamfahamu mjomba wake.

6. Sala yenye kazi mbili

Injini ikiwaka, fumba macho, tikisa midomo. Watu wa kwetu hawamsumbui anayesali, awe Mwislamu au Mkristo. Na kama unasali kweli, sali. Mikono wakati huo ina kazi nyingine.

Mkono mmoja uende kwenye kifungio cha mkanda. Mkanda wa gari, wa Noah au wa basi la Tabora, unafunguliwa kwa kubonyeza kitufe ubavuni. Wa ndege nyingi uko katikati ya tumbo, na unafunguka kwa kunyanyua kile kibati cha juu. Ukiwa umetulia, tofauti hii ni ndogo. Mtu akibabaika, vidole vyake vinarudi kwenye mazoea: vinatafuta kitufe kwenye nyonga, vinakikosa, na sekunde zinapita mtu akiwa mzima wa afya, amekaa kwenye kiti chake. Kwa hiyo fungua, funga. Fungua, funga. Macho yamefumbwa. Kila unapofunga, vuta mkanda ukae chini ya kitovu, kwenye mifupa ya nyonga, ukukaze.

Mkono mwingine uguse mgongo wa kiti kilicho mbele, na kichwani uhesabu: kutoka hapa mpaka mlangoni ni viti vingapi? Hesabu mlango wa nyuma, hesabu na wa mbele. Gizani au ndani ya maji hutaona maandishi yoyote. Utapapasa migongo ya viti, moja, mbili, tatu, mlango. Sema amina.

7. Mchezo wa nyumbani

Hii fanya siku mbili tatu kabla, na watoto ndio kisingizio chako. Mtu mzima akifungwa kanga machoni peke yake, majirani wataitana. Akifungwa na watoto, anacheza nao.

Sababu ya mchezo huu ni magurudumu. Magurudumu ya Caravan hayakunjwi tumboni. Yananing'inia muda wote. Yakigusa maji kwanza, maji huyakamata kama mtu aliyekwaa kisiki akiwa mbioni, na ndege inaweza kupinduka, magurudumu juu. Wakati wa ndege za baharini, miaka ya 1930, Imperial Airways ilikuwa inatua majini kwa makusudi Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, abiria wakiwa wamekaa na vikombe vyao, lakini ndege zile zilikuwa na tumbo la mashua. Na ile Airbus ya Mto Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, ambapo watu wote 155 walitoka hai, ilikuwa imekunja magurudumu yake. Usiilinganishe na yako.

Basi kaa kwenye kiti cha plastiki, mlango wa chumba ukiwa kulia kwako. Fungwa kanga machoni. Mkono wa kulia unyooshe uguse kitu kilicho upande wa mlango, fremu au meza, ukishike kwa nguvu. Mkono wa kushoto uko kwenye mkanda, hata kama mkanda wenyewe ni wa suruali. Sasa kiti kiondolewe, lala chali sakafuni, nyayo zikielekea kule ulikokuwa unatazama. Mlango uko wapi? Bado uko kulia. Rudia mpaka mwili uamini. Ndege ikipinduka, juu inakuwa chini na maji yanaingia puani, lakini mlango uliokuwa kulia kwako unabaki kulia kwako. Mkono ulioshika unajua, hata kichwa kikiwa hakijui.

Mpangilio nao ni wa kukariri kama sala: ndege isimame kabisa, shika, fungua mlango kama unaufikia, ndipo ufungue mkanda. Wengi wanataka kuanza na mkanda. Mtu aliyefungua mkanda mapema anaelea, anageuzwa na maji, anagonga dari akidhani ni sakafu, na ule mkono haushiki tena kitu chochote. Mkanda ukiwa umefungwa, wewe bado uko kitini, na ulishahesabu viti kuanzia hapo. Mlango ukigoma usikate tamaa: maji ya nje yanausukuma. Yakijaa ndani msukumo unalingana, na mlango uliokuwa mgumu unalegea. Hapo ndipo pumzi inapohitajika.

Pumzi jifunzie kwenye beseni, asubuhi wakati wa kunawa uso. Zamisha uso, hesabu hadi 20, kesho yake 25. Nyumbani watasema unatunza ngozi. Waache.

8. Kamba usiivute

Hatua hii naomba uisome mara mbili.

Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, ilitoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Vijana watatu wakaiteka, wakamwamuru Kapteni Leul Abate aipeleke Australia. Alijaribu kuwaelewesha kwamba mafuta hayatoshi, hawakumwamini. Mafuta yakaisha. Injini zote mbili zikazima, na kapteni, huku akisukumwa na kupigwa, akaitua baharini karibu na ufuko wa Mitsamiouli, Ngazija, huko Komoro. Bawa la kushoto liligusa maji kwanza na ndege ikavunjika vipande. Walikuwamo watu 175. Walikufa 125, mmoja wao akiwa Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya 1984. Walionusurika ni 50, na waliowafikia kwanza ni watu wa ufukweni, wenyeji na watalii, kwa mashua zao.

Baadhi ya waliokufa walikuwa wamepona pigo lenyewe. Walikuwa hai, wamefungua mikanda, wana majaketi okozi mwilini. Waliyajaza upepo wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, majaketi yakafanya kazi yake: yakawanyanyua hadi darini na kuwabana hapo. Mlango ulikuwa chini yao, na mtu aliyevaa boya lililojaa hawezi kuzama hata nusu mita kuufuata.

Kapteni alikuwa amewaonya. Lakini fikiria uko pale. Jirani yako amevuta kamba, jaketi limefura, anaonekana yuko tayari. Wewe lako limelala kifuani kama kitambaa cha mtoto. Ni vigumu sana kubaki hivyo. Nakupa kazi ya kuipa mikono: kila mkono ushike kitu, mmoja kiti kilicho mbele, mwingine upande wa mlango. Mikono iliyoshika haivuti kamba. Livae jaketi, lifunge kiunoni likukaze, liache limelala. Mguu wa mwisho ukishatoka nje ya ndege, hapo vuta. Lisipojaa kuna kimrija karibu na bega; puliza kwa mdomo. Mtoto naye vivyo hivyo: lake linajazwa nje.

Na ukimwona jirani ameshika kamba yake akiwa ndani, mshike mkono. Hapo sahau heshima yake na yako.

9. Mkao

Mfupi tu. Nyayo zote mbili sakafuni, zimerudi nyuma kidogo ya magoti ili miguu isirushwe mbele ikavunjika. Kama una mkanda wa kiuno peke yake, inama mpaka kichwa kiguse kiti cha mbele, mikono juu ya kichwa, kama mtu aliyedondosha shilingi chini ya kiti na hataki wenzake waijue. Kama una mkanda wa mabega pia, kaa wima, kidevu kifuani. Mwili ukiwa umeshafika mahali ambapo ungerushwa, pigo linapungua. Miwani vua. Kalamu itoe mfukoni. Pigo linaweza kuwa zaidi ya moja, kwa hiyo usinyanyuke baada ya la kwanza.

10. Mvuvi akisema, fuata

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, mvua inanyesha Bukoba. Ndege ya Precision Air, ATR 42, pangaboi kama tunavyoziita, ilikuwa inakuja kutua ikitokea Dar es Salaam. Ikaangukia Ziwa Victoria, umbali mfupi tu kabla ya njia ya kurukia. Ilikuwa na watu 43. Tuliiona wote kwenye simu zetu: mkia wa rangi ya kahawia umebaki juu ya maji, watu wamesimama ufukweni, wengine wako kiunoni ndani ya ziwa wanavuta kamba. Waliopona ni 24. Waliokufa ni 19, pamoja na marubani wote wawili. Sijaacha kuwafikiria wale 19, kwa sababu nchi kavu walikuwa wanaiona.

Waliofika kwanza ni wavuvi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisimulia baadaye kwamba yeye na wenzake waliuvunja mlango wa nyuma kwa kasia, na abiria wa nyuma wakapitia hapo. Serikali ilimpa kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kasia, ndugu yangu. Kitu cha kusukumia mtumbwi wa dagaa.

Kwenye Ziwa Tanganyika hali itakuwa hiyo hiyo. Anayeweza kukufikia mapema ni mtu wa migebuka kutoka Karema au Ikola, amevaa kaptula, shati limechanika bega. Atakupigia kelele kwa lafudhi yake, atakuita "wewe!", hata kama kwenu unaitwa mheshimiwa. Mtii. Akisema usipande ubavuni utaupindua mtumbwi, usipande; shika ukingo, ngoja. Akisema tulia, lala chali, tulia. Akikuvuta kwa kola, mpe kola. Vyeo tutarudishiana nchi kavu.

Kabla hajafika, kazi yako ni ndogo. Usijaribu kuogelea kuelekea milima unayoiona; ziwani milima huwa mbali kuliko inavyoonekana. Sogea mbali na mafuta kama yamemwagika. Wale mliotoka pamoja mshikane mikono muwe duara, watoto katikati: kundi linaonekana kutoka mbali, kichwa kimoja kinafanana na wimbi. Kanga yenye rangi kali, kama bado unayo, ipungieni.

11. Ukifika

Na utafika. Safari nyingi mno zinafika, na kadi uliyojipepea nayo utairudisha kwenye mfuko wa kiti ikiwa imelowa jasho tu.

Injini ikizima, usiwe wa kwanza kunyanyuka. Ngoja panga la mbele lisimame kabisa. Likizunguka kwa kasi halionekani, na watu hulifuata kwa sababu gari linakuja upande huo. Shuka kwa ngazi ya nyuma, elekea mkiani. Sasa fungua begi. Toa vile viatu, keti kwenye ngazi, vua raba, jipanguse vumbi, vaa. Kaza tai. Mwite kijana wa mizigo, umpe simu, umwambie apige picha, jina la ndege lionekane na ziwa nyuma yako.

Wakikuuliza safari ilikuwaje, sema kawaida tu. Wakiuliza kama hukuogopa, cheka. Pindo lako bado limefungwa.